Mtoto wa mkulima wa kahawa aliyetafuta chanzo cha kusahau uzeeni

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa mabasi na magari ya watu wanaorudi nyumbani, wale wanaotaniwa kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Wanaoendelea hadi Mkuu, Rombo, hukuta kihamba ni kile kile na migomba ni ile ile. Lakini katika baadhi ya nyumba, mtu amebadilika. Mama anauliza swali moja mara tano kabla chai haijapoa. Baba aliyejua kila mpaka wa shamba anapotea njia akitoka sokoni. Bibi anamwita mjukuu kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani.

Familia ikikaa kuzungumza usiku, majibu huwa matatu. Wa kwanza anasema ni uzee tu, tumwache. Wa pili ananong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Wa tatu anafungua begi na kutoa chupa ya vidonge alivyonunua mjini, kwa sababu ameambiwa kwamba vitamini A ni chakula cha ubongo na itamrudishia mzee kumbukumbu.

Majibu hayo matatu yana kosa moja. Yote yanatoa hukumu kabla ya kutafuta chanzo. Leo safu hii inasimulia maisha ya daktari aliyetumia miaka mingi kutafuta chanzo hicho, wakati ambapo wengi waliridhika kusema ni uzee. Alikuwa Mwafrika na mtoto wa mkulima wa kahawa. Aliitwa Solomon Carter Fuller.

Kutoka Monrovia hadi Boston

Fuller alizaliwa Agosti 11, 1872 mjini Monrovia, Liberia. Babu yake mzaa baba alikuwa mtumwa katika jimbo la Virginia nchini Marekani. Alijinunulia uhuru wake na wa mkewe, na mwaka 1852 akahamia Liberia, nchi iliyoanzishwa na watu weusi waliotoka Marekani. Baba yake Solomon alikuwa na shamba la kahawa na pia alikuwa ofisa wa serikali. Mama yake, Anna, alianzisha shule na kumfundisha mwanawe pamoja na watoto wa jirani. Babu na bibi wa upande wa mama walikuwa wamisionari wa tiba, hivyo mtoto alikua akisikia habari za wagonjwa na dawa nyumbani.

Wasomaji wa Kilimanjaro wanajua ni watoto wangapi wa huku walisomeshwa kwa fedha ya kahawa. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Solomon, miaka mingi kabla zao hilo halijawa mkombozi wa mlima huu. Mwaka 1889, akiwa na miaka 17, alivuka bahari kwenda Marekani. Alisoma Livingstone College katika jimbo la North Carolina na kumaliza mwaka 1893. Baadaye aliingia shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Boston, akahitimu mwaka 1897.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Westborough, karibu na Boston. Mwaka 1899 akawa mpatholojia wa hospitali hiyo, yaani daktari anayechunguza viungo na tishu ili kujua ugonjwa ulifanya nini mwilini. Mwaka huo huo alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Boston.

Hospitali za aina hiyo zilikuwa zimejaa watu waliofungiwa humo hadi kufa. Wapo waliosikia sauti, wapo waliokuwa na kifafa, wapo walevi, na wapo wazee waliosahau majina ya watoto wao. Wote walichanganywa chini ya neno moja, wendawazimu. Mgonjwa akifa, Fuller alichukua ubongo wake, akaukata vipande vyembamba, akavitia rangi na kuvitazama kwa hadubini. Alitaka kujua kama watu hawa walikuwa na ugonjwa mmoja au magonjwa mengi yaliyovaa sura moja.

Munich, kwenye maabara ya Alzheimer

Mwaka 1904 Fuller alisafiri kwenda Ujerumani kuongeza elimu. Mjini Munich, katika hospitali ya magonjwa ya akili iliyoongozwa na Profesa Emil Kraepelin, kulikuwa na maabara ya daktari aitwaye Alois Alzheimer. Alzheimer alichagua wanafunzi watano kutoka nje ya nchi wafanye naye utafiti. Fuller alikuwa mmoja wao.

Jina la Alzheimer leo linajulikana duniani kote, lakini wakati ule alikuwa daktari wa kawaida mwenye subira ya kukaa na hadubini kutwa nzima. Mwaka 1901, akiwa bado mjini Frankfurt, alimpokea mgonjwa aitwaye Auguste Deter. Mama huyo alikuwa na miaka 51 tu. Alikuwa amesahau mambo mengi, alimshuku mumewe bila sababu, alipoteza vitu na kuchanganyikiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alzheimer alimhoji siku baada ya siku na kuandika kila jibu. Hata alipohamia Munich hakumsahau. Auguste alipofariki Aprili 1906, ubongo wake ulipelekwa kwa Alzheimer.

Alichokiona kilikuwa cha aina mbili. Nje ya seli za ubongo kulikuwa na madoa magumu, kama uchafu uliogandamana. Ndani ya seli kulikuwa na nyuzi zilizosokotana kama uzi uliofungana mafundo. Novemba 3, 1906 aliwaeleza madaktari wenzake katika mkutano mjini Tübingen. Hakuna aliyeuliza swali. Mwaka 1910 Kraepelin aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer katika kitabu chake cha kufundishia. Alzheimer mwenyewe alifariki mwaka 1915 akiwa na miaka 51, umri ule ule aliokuwa nao Auguste alipoingia hospitali.

Madoa kwenye ubongo wa mzee

Fuller alirejea Westborough akiwa na ujuzi mpya wa kutia rangi na kusoma tishu za ubongo. Mwaka 1907 alichapisha utafiti juu ya nyuzi za ndani ya seli za ubongo, akilinganisha wagonjwa wa aina mbalimbali: wenye kaswende ya ubongo, walevi wa muda mrefu na wazee waliopoteza kumbukumbu. Mwaka 1911 alichapisha utafiti mwingine juu ya madoa yanayoonekana kwenye bongo za wazee. Mwaka 1912 alieleza kisa cha mgonjwa wake mwenyewe mwenye ugonjwa wa Alzheimer, na pamoja nacho akapitia visa vilivyokwisha kuandikwa. Hayo yalikuwa mapitio mapana ya kwanza ya ugonjwa huo katika lugha ya Kiingereza. Aliyewafungulia mlango madaktari wa Marekani kuuelewa ugonjwa huu alikuwa Mwafrika kutoka Monrovia.

Ubora wake haukuwa katika kurudia maneno ya mwalimu wake. Alikuwa akiuliza maswali. Wakati ule wengi waliamini kwamba kupoteza kumbukumbu uzeeni husababishwa na kukakamaa kwa mishipa ya damu. Fuller alitazama bongo zake na kuona kwamba maelezo hayo hayatoshi. Pia aliona kwamba mabadiliko yaliyoelezwa kwa watu wa miaka 50 hufanana na yale ya wazee wa kawaida waliosahau, akahoji kama kweli ni magonjwa mawili tofauti. Swali hilo lilikaa miongo mingi kabla ya kujibiwa. Leo tunajua kwamba ugonjwa wa Alzheimer unaompata mtu wa miaka 50 na ule unaompata mtu wa miaka 80 ni ugonjwa mmoja, na kwamba ndiyo sababu kubwa zaidi ya dimenshia duniani.

Neno hili dimenshia tulieleze kidogo. Ni hali ya akili kupungua kiasi cha mtu kushindwa kufanya mambo aliyoyazoea: kupika, kuhesabu chenji, kutambua njia ya nyumbani. Kusahau ulipoweka miwani na kuikumbuka baadaye kunaweza kumpata yeyote. Kusahau miwani ni ya kazi gani ni jambo jingine.

Kaswende iliyojificha

Kuna sehemu ya kazi ya Fuller inayowagusa zaidi wagonjwa wa leo. Mwanzoni mwa karne iliyopita, sehemu kubwa ya wagonjwa katika hospitali za akili walikuwa na kaswende iliyopanda ubongoni miaka mingi baada ya maambukizi. Mtu alibadilika tabia, akapoteza kumbukumbu, akapooza, akafa. Mwaka 1913 vijidudu vya kaswende vilionekana ndani ya bongo za wagonjwa hao, na mwaka 1943 penisilini ikathibitika kutibu kaswende. Kundi zima la watu waliodhaniwa wendawazimu likawa na chanzo, kipimo na dawa.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Marekani ilijenga hospitali mjini Tuskegee kwa ajili ya askari weusi waliorudi kutoka vitani. Fuller alisaidia kuwafundisha vijana wa kwanza weusi waliokwenda kuwa madaktari wa akili huko. Kati ya mambo aliyowafundisha ni kuitambua kaswende ya ubongo inapojificha nyuma ya dalili nyingine. Askari ambao wangeandikiwa jina lisilo lao walipata utambuzi sahihi.

Hapa ndipo somo kubwa la maisha yake lilipo. Kabla hujampa mgonjwa jina, na kabla hujampa dawa, tafuta chanzo. Huenda chanzo kinatibika.

Haki aliyonyimwa

Mwaka 1909 Fuller alimwoa Meta Vaux Warrick, msanii wa uchongaji aliyesomea Paris na ambaye kazi zake zilimvutia mchongaji mkubwa Auguste Rodin. Walijenga maisha yao katika mji wa Framingham, ambako baadhi ya majirani weupe walijaribu kuwazuia wasihamie. Walihamia. Wakapata watoto watatu wa kiume, na Meta akaendelea kuchonga. Fuller alipenda bustani, na kwa mikono yake alijalidi vitabu.

Kazini hakutendewa sawa. Alifundisha Chuo Kikuu cha Boston kwa miaka 34. Katika miaka ya mwisho alibeba kazi ya kuongoza idara ya magonjwa ya neva bila kupewa cheo chenyewe, na mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa wenzake weupe. Mwaka 1933, mwaka ambao huku Moshi wakulima walikuwa wakiunda KNCU, daktari mweupe wa cheo cha chini yake alipandishwa kuwa profesa na kupewa uongozi wa idara. Fuller aliondoka chuoni. Alijua kwamba rangi ya ngozi yake ndiyo iliyomzuia kufika mbali zaidi, na hakuificha imani hiyo. Aliendelea kuwaona wagonjwa.

Macho yalipopoteza nuru

Katika miaka ya 1940 kisukari kiliharibu macho ya Fuller hadi akawa kipofu. Mtu aliyeishi kwa kutazama kwa hadubini hakuweza tena kuona uso wa mgonjwa. Hata hivyo hakuacha kazi. Aliwasikiliza wagonjwa na kuwashauri hadi karibu na mwisho wa maisha yake. Meta alimtunza. Alifariki Januari 16, 1953 akiwa na miaka 80. Miaka ya 1970 kituo cha afya ya akili mjini Boston kilipewa jina lake.

Msomaji anaweza kuuliza kama vitamini A ingemwokoa Fuller na upofu, kwa kuwa tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba vitamini hiyo ni ya macho. Jibu ni hapana. Vitamini A humsaidia mtu aliyepungukiwa nayo, hasa mtoto ambaye haoni vizuri giza linapoingia. Fuller alikuwa na tatizo jingine: sukari nyingi kwenye damu ilikuwa imeharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho. Kiungo ni kile kile, chanzo ni tofauti, na kwa hiyo tiba ni tofauti. Ndivyo ilivyo kwa ubongo pia.

Vitamini A na ubongo wa mzee

Sasa turudi kwenye ile chupa iliyotoka begini kule Mkuu. Wanaosema vitamini A ina kazi kwenye ubongo hawajakosea. Mtoto akiwa tumboni, ubongo na uti wa mgongo wake hutegemea vitamini hiyo ili vijengeke sawasawa. Katika maabara, panya walionyimwa vitamini A walishindwa kujifunza na kukumbuka, na waliporudishiwa, uwezo huo uliimarika. Sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya hutumia kiini kinachotokana na vitamini A.

Lakini kutoka kwa panya hadi kwa bibi yetu kuna safari ndefu. Watafiti waliopima vitamini A kwenye damu za wazee wamepata majibu yanayogongana. Hata pale wenye dimenshia wanapoonekana kuwa na kiwango kidogo, ni vigumu kujua kilichotangulia: je, upungufu ulileta kusahau, au mtu anayesahau hali chakula vizuri na ndipo akapungukiwa? Mpaka leo hakuna ushahidi wa kutosha kwamba vidonge vya vitamini A huzuia dimenshia au huitibu.

Zaidi ya hayo, vitamini A si kama ile vitamini C ya machungwa ambayo ikizidi hutoka na mkojo. Hii hukaa kwenye ini kwa miezi. Mwanamume mzima anahitaji takribani mikrogramu 900 kwa siku, mwanamke 700, na kiwango cha juu cha vitamini A kamili kinachoshauriwa ni mikrogramu 3,000. Anayekizidisha kila siku kwa muda mrefu anaweza kuumwa kichwa, kutapika, kupata kizunguzungu, kuharibika ini na mifupa kudhoofika. Kwa mzee anayeyumba, mfupa dhaifu maana yake ni nyonga kuvunjika. Msukumo wa maji ndani ya fuvu unaweza kupanda na kumfanya achanganyikiwe zaidi. Kwa mama mjamzito, kiasi kikubwa kinaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni.

Hata beta-karotini, ile rangi ya chungwa ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, si salama kwa kila mtu ikiwa kidonge. Nchini Finland, wanaume 29,133 waliovuta sigara waligawanywa, baadhi wakapewa vidonge vya beta-karotini. Majibu yalitoka mwaka 1994: waliopewa walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Karoti sokoni haina tatizo hilo. Mvutaji sigara asinunue vidonge.

Wazazi nao wana neno lao hapa. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi 59 kila Juni na Desemba ni muhimu, na mtoto asikose. Yanatolewa mara 2 tu kwa mwaka kwa sababu ini la mtoto huyahifadhi. Kidonge chekundu cha mtoto aliyezidi mwaka kina vitamini A mara 20 ya kiwango cha juu cha mtu mzima kwa siku moja. Kisihifadhiwe kabatini kwa ajili ya bibi, wala kisirudiwe kwa mtoto kabla ya wakati wake.

Chakula ndiyo njia salama, na kihamba cha Kichaga kina kila kitu: mnavu, mchicha, majani ya maboga, boga lenyewe, papai, embe, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, yai na maziwa. Mboga zipikwe na mafuta kidogo, kwa sababu vitamini A hufyonzwa pamoja na mafuta. Mzee asiye na meno apewe mtori laini na mboga zilizopondwa. Maini yana vitamini A nyingi sana, hivyo kipande kimoja kwa wiki kinatosha, na mjamzito ayaepuke.

Kutoka Westborough hadi Hai

Je, ugonjwa alioufuatilia Fuller upo huku kwetu? Upo, na umehesabiwa. Mwaka 2010 watafiti walipita vijiji 6 vya wilaya ya Hai, upande wa pili wa mlima, wakawaona wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Baada ya kusawazisha kwa umri, waligundua kwamba takribani wazee 6 kati ya 100 walikuwa na dimenshia. Katika utafiti mwingine wa wilaya hiyo hiyo, karibu wazee 7 kati ya 10 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Takwimu hizi mbili zisomwe pamoja, kwa sababu presha isiyodhibitiwa ni moja ya njia kuu za kuumiza ubongo, iwe kwa kiharusi kikubwa au kwa viharusi vidogo visivyoonekana.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa kimataifa liliorodhesha mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia. Yamo presha, kisukari, sigara, pombe kupita kiasi, kutosikia vizuri, uoni hafifu usiotibiwa, sonona, upweke na kuumia kichwa. Walikadiria kwamba kama mambo yote 14 yangeshughulikiwa, karibu nusu ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Upungufu wa vitamini A haumo katika orodha hiyo. Uoni hafifu umo. Mzee mwenye mtoto wa jicho akifanyiwa upasuaji, anafaidika zaidi kuliko kwa chupa kumi za vidonge.

Kabla ya kupanda basi la kurudi

Kwa hiyo, wewe uliyekwenda nyumbani na kukuta mama amebadilika, fanya kama Fuller. Tafuta chanzo kwanza.

Anza kwa kuuliza lini ilianza. Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, kwa saa au siku chache, ni dharura. Kwa mzee kunaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka, kupungukiwa maji au kiharusi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kama alianguka na kugonga kichwa wiki chache zilizopita, mweleze daktari, kwa maana damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, na kuna tiba.

Kama imekuja polepole kwa miezi au miaka, bado kuna vya kupima. Omba apimwe presha, sukari, wingi wa damu, maambukizi ya VVU na kaswende, na inapowezekana tezi ya shingo na vitamini B12. Upungufu wa B12 unaweza kuleta kusahau na ganzi za miguu, na hutibika. Beba dawa zote anazomeza, pamoja na za kienyeji na zile alizopewa na jirani, kwa sababu baadhi ya dawa za usingizi na za mzio huvuruga akili ya mzee. Sema ukweli kuhusu mbege na pombe kali. Uliza kama anasikia na kama anaona. Uliza pia kama ana huzuni tangu alipofiwa, kwa kuwa sonona kwa mzee hufanana sana na kusahau.

Kwa walio Mkuu, Hospitali ya Huruma iko hapo hapo, na inapolazimu kuna KCMC mjini Moshi. Aende na mtu anayeishi naye, maana mwenye kusahau hawezi kueleza alichokisahau.

Ikibainika kuwa ni dimenshia isiyo na tiba ya kuiondoa, kazi haijaisha. Katika Hai watafiti waliwakusanya wazee wenye tatizo hilo katika vikundi vidogo, vipindi 14 kwa wiki 7, wakazungumza, wakaimba na kufanya kazi nyepesi za mikono. Hali yao ya maisha na uwezo wa kufikiri viliimarika. Jambo hili familia inaweza kuliiga bila gharama. Mpe mama kazi anayoiweza: kuchambua maharage, kumenya ndizi akiwa na mtu karibu, kumsimulia mjukuu habari za ujana wake. Usimbishie anapokosea jina. Zima moto wa jiko anapobaki peke yake. Na yule binti au mkwe anayemhudumia kila siku apumzishwe, kwa zamu, na ndugu wote wachange.

Zaidi ya yote, jina baya lisitangulie. Mzee anayesahau hajalaaniwa wala hajarogwa, na bibi anayezunguka usiku akitafuta nyumba yao ya utotoni si mchawi. Ubongo wake unaumwa. Mtoto wa mkulima wa kahawa aliliona hilo kwa hadubini zaidi ya miaka 100 iliyopita, na alipopoteza macho yake mwenyewe aliendelea kuwasikiliza wagonjwa. Hata asiye na hadubini anaweza kuanza hapo hapo: kaa na mama, msikilize, andika unachokiona, kisha mpeleke akapimwe kabla ya likizo kuisha.